Simu ya Mzaha na Mama Anayevuja Damu

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Waliotunga methali hii hawakuijua simu, lakini ukweli wake wanaujua vyema wapokeaji wa simu za dharura.

Nchini Tanzania, namba 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 115 ni ya mfumo wa m-mama, unaowasafirisha wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Kuzipiga ni bure, na inafaa iwe hivyo, ili mwenye shida asizuiwe na kukosa salio. Lakini ubure huohuo huwavutia wenye mzaha, wakiwamo watoto walioachiwa simu za wazazi.

Gharama ipo, ila hulipwa na mwingine. Mpokeaji wa 115 huuliza hali ya mgonjwa na mahali alipo, hutafuta gari la wagonjwa au, likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa, kisha huelekeza kituo cha kumpeleka. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kila dakika inayotumiwa kwa mgonjwa asiyekuwapo hutolewa katika saa hizo.

Hata hivyo, naamini hasara kubwa kuliko dakika ni shaka. Mpokeaji aliyeshinda akidanganywa na sauti za watoto, jioni akisikia mtoto akisema, “Mama ameanguka, hasemi,” atamsadiki? Huenda mtoto huyo ndiye pekee aliye karibu na mama yake.

Wapo wanaodai adhabu kali. Mtu mzima anayerudia kwa makusudi anastahili kuwajibishwa. Lakini tukihubiri adhabu peke yake, tutawatisha wasio na hatia. Mzazi aliyepiga simu kwa kuihofia hali ya mwanawe, kisha ikabainika haikuwa dharura, hakufanya mzaha. Huyo asikaripiwe; aelekezwe kwa upole, ili siku ya hatari asisite kupiga tena.

Dawa ianzie nyumbani, shuleni na kliniki. Mtoto aelezwe ni nani anayepokea simu ile na ni nani anayeingoja. Kufunga skrini hakutoshi, kwa kuwa simu nyingi huruhusu kupiga namba za dharura hata zikiwa zimefungwa. Aliyepiga kwa bahati mbaya asikate. Aseme amekosea, ili asitafutwe bure. Nasi wahudumu, tunapowafundisha wajawazito na wenzi wao dalili za hatari, tuwafundishe pia kupiga simu: wataje mahali walipo na alama inayojulikana, waeleze hali ya mgonjwa, wajibu maswali bila kukata.

Laini ya dharura ni kama damu iliyohifadhiwa benki: hakuna ajuaye itamfaa nani. Pengine atakayeihitaji usiku wa leo ni ndugu wa yule aliyeichezea mchana.