Vita vya Ng'ombe na Haki ya Kukusanyika

Jina likikosewa, hukumu nayo hukosewa. Sisi watu wa Unguja tunalo tukio kubwa katika historia yetu ambalo tumelipokea pamoja na jina lake la dhihaka, tukalitia katika midomo ya wanafunzi, wala hatukuuliza jina hilo linamfaa nani na linamdhulumu nani. Tukio hilo ni la tarehe 30 Julai 1951, nalo huitwa Vita vya Ng'ombe. Nadai katika insha hii kwamba havikuwa vita, wala havikuwa vya ng'ombe. Na kwamba msomi anayelitumia jina hili bila ya kulipima humsaidia, kwa kujua au kwa kutojua, kila mtawala anayetaka mkulima aonekane mjinga kila anapokusanyika na wenzake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Wakulima wa Kiembe Samaki walikuwa wamekwisha kupoteza ardhi kwa ajili ya kiwanja cha ndege. Juu ya jeraha hilo serikali ya kikoloni ikaleta amri ya kuchanja ng'ombe dhidi ya kimeta. Baadhi ya wakulima, kwa kuogopa kwamba dawa ya serikali itaua mifugo yao, walikataa, wakashitakiwa. Siku ya kesi umati ulikusanyika mjini, ukajaribu kuwaokoa wenzao kwa nguvu, ukaelekea gerezani. Na huko polisi wakapiga risasi, wakulima wakafa.

Sitasema kwamba chanjo ilikuwa mbaya. Kimeta huua ng'ombe na huua binadamu, na bwana mifugo aliijua kazi yake. Lakini dawa njema ikitolewa na mkono uliokwisha kunyang'anya shamba, haionekani kuwa dawa. Mkulima hakuuliza tu kama sindano ina sumu. Aliuliza pia kwa nini serikali inayoshindwa kumsikiliza juu ya ardhi yake imekuwa na huruma ya ghafla juu ya ng'ombe wake. Na swali hilo angelipeleka wapi? Katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1951 hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi, maana uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanyika Julai 1957. Mtu asiye na mjumbe, asiye na gazeti na asiye na fedha za wakili, hubakiwa na mwili wake na miili ya jirani zake. Akiisimamisha pamoja mahali panapoonekana, huko ndiko kukusanyika.

Wako wanaojibu kwamba zama hizo zimepita, na kwamba leo mkulima anazo njia zinazostahili. Jibu hili husemwa kwa sauti ya upole, lakini nalipinga. Ni kweli kwamba Katiba inautaja uhuru wa kukutana. Ni kweli pia kwamba mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikataa sharti la kuomba kibali cha kukusanyika, ikawa yatosha kutoa taarifa kwa polisi saa 48 kabla. Kati ya kibali na taarifa kuna tofauti kubwa: mwenye kuomba kibali ni mtumwa wa jibu, na mwenye kutoa taarifa ni mtu huru aliyefanya adabu. Lakini desturi ya ofisi imeirudisha taarifa kuwa kibali. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa katika nchi nzima, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Januari 2023. Haki inayoweza kufungiwa kabatini kwa zaidi ya miaka sita, kisha ikatolewa kama zawadi, ni haki ya karatasi. Wala tusisahau Januari 2001, ambapo maandamano yaliyokatazwa, Unguja na Pemba, yalijibiwa kwa risasi, kama kwamba nusu karne haikutufundisha neno.

Tazama pia mkulima wa karafuu. Kwa miaka mingi mnunuzi wake wa halali amekuwa mmoja, nalo ni Shirika la Biashara la Taifa. Bei ilipokuwa duni, mkulima hakuandamana wala hakufunga barabara. Alipakia karafuu chomboni usiku akazivusha kwenda Kenya. Serikali ikaita magendo, na kwa sheria ilikuwa magendo. Lakini yalikuwa pia hotuba ya mtu aliyenyimwa jukwaa. Anayeogopa mkusanyiko wa mchana hupata uasi wa usiku, na huu wa usiku hauna msemaji wa kuzungumza naye.

Nikisema haya, simwungi mkono yule anayedai kwamba mkusanyiko hauna mpaka. Mwezi Februari 1936 ugomvi juu ya ukaguzi wa mbata uligeuka fujo katika mji wa Unguja, watu wakauawa, miongoni mwao ofisa wa polisi. Hakuna bei ya mbata inayostahili roho ya mtu. Nasi tukaao Mtoni tunajua maana ya njia. Barabara itokayo Bububu hupita hapa kwetu kwenda mjini, na ndiyo apitishwayo mgonjwa wa kaskazini anayepelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja. Mkulima akiifunga barabara hii hata mzazi mwenye uchungu asipite, amemdhulumu mnyonge mwenziwe, si mtawala.

Mpaka upo, basi. Ugomvi ni juu ya nani auweke na kwa kipimo gani. Wapenda amri hupenda kutaja hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ya mwaka 2015 juu ya wakulima wa Lithuania, waliofunga barabara kuu mwaka 2003 kwa sababu ya kuanguka kwa bei za mazao, maziwa yakiwamo. Mahakama iliona kwamba kuwatia hatiani hakukuvunja haki yao. Lakini isomeni hukumu yote. Wakulima wale walikuwa wamepewa mahali halali pa kukusanyika, serikali ilikuwa ikizungumza nao, na adhabu yao ilikuwa kifungo cha siku 60 kilichoahirishwa. Hakuna aliyepigwa risasi. Hukumu ile humfaa mtawala aliyeacha mlango wazi. Aliyeufunga mlango hana ruhusa ya kuitaja.

Kipimo changu ni hiki. Mkusanyiko uzuiwe unapohatarisha uhai au unapoufunga mji usipumue, wala si unapomchelewesha waziri au kumwaibisha mkuu wa mkoa. Usumbufu si dhara. Foleni ya saa moja si msiba wa taifa, na mkulima aliyengoja malipo ya mavuno yake msimu mzima amekwisha kusumbuliwa zaidi ya dereva yeyote. Na kabla ya serikali kumwuliza mkulima kwa nini amesimama barabarani, nayo iulizwe barua zake ziliwekwa wapi.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Watu wa Kiembe Samaki walinyongwa mara mbili: mara ya kwanza kwa risasi, mara ya pili kwa jina. Risasi hatuwezi kuzirudisha, jina twaweza. Baada ya siku ile wakulima waliunda chama chao, na katika chama hicho ndimo ulimochipua mwaka 1955 Hizbu, chama cha siasa cha kwanza kikubwa cha visiwa hivi. Watu wasiojua ila ng'ombe hawaanzishi siasa ya nchi. Mwalimu anayefundisha somo hili na alifundishe kama Madai ya Kiembe Samaki, na mwanafunzi akiuliza ng'ombe wako wapi, ajibiwe kwamba walikuwa malishoni, juu ya ardhi iliyokuwa ikigombewa.