Je, Yesu Alipewa Maji?

Mpendwa mama, mtoto wako akichekesha wenzake katikati ya hadithi ya Biblia, usimfinye haraka. Mimi nilimnyamazisha mmoja, na nilijuta.

Nilipokuwa nafundisha shule ya Jumapili Korogwe, kila tulipofika kwa Musa kuwekwa mtoni ndani ya kisafina, swali lilikuwa lilelile: "Mamba hawakumla?" Watoto wa kando ya Mto Pangani mamba wanawajua. Mmoja aliniambia mama yake Musa alistahili kuchapwa. Tukacheka, tukaimba, tukaendelea.

Kisha nikahamia Handeni. Huko maji ya bomba huvutwa kutoka mto huohuo, na yakikatika kila nyumba hutafuta madumu. Basi siku ya mwanamke Msamaria kisimani, Yohana sura ya 4, mtoto wa kiume wa miaka mitano akauliza, "Hakukuwa na foleni?" Wenzake wakaangua kicheko. Akaongeza, "Na Yesu alipewa maji?"

Mimi nilikuwa na haraka ya kufika kwenye maji ya uzima (maana hilo ndilo somo, au ndivyo nilivyodhani). Nikamwambia aache utani. Mama yake, aliyekuwa mlangoni, akamvuta sikio.

Jumapili tatu hakuuliza neno. Alikaa amekunja mikono, mtoto wa kupigiwa mfano. Lakini mimi ni muuguzi. Wodini mtoto aliyenyamaza ghafla hunitia hofu kuliko anayelia.

Nikaisoma sura ile nyumbani mara mbili. Yesu aliomba maji anywe. Hapaelezwi popote kwamba alipewa. Miaka yote nimeifundisha, wala sikuwahi kujiuliza kama yule msafiri aliyechoka, saa sita mchana, aliondoka na kiu yake. Mtoto ambaye mama yake hutoka na madumu kabla ya alfajiri aliliona mara moja.

Nikaenda kwao. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Baba, uliuliza vizuri, mimi ndiye niliyekosa. Biblia haisemi kama alipewa."

Akamtazama mama yake kwanza. Kisha akaniuliza, "Mama Nesi, yule mama si aliuacha mtungi wake pale, akakimbilia mjini?"

"Aliuacha."

"Basi alichota mwenyewe."