Kamera ya kikundi: tuchukue 6D ya mitumba, makuta mengine yaende kwa objektifu

Ndugu na dada wa Manika na wa Dilala, na ninyi wote mnaotusoma kwa simu usiku mega zikiwa za bei ya chini,

Sanduku la mchango liko na dola 640. Kwa kikundi ambacho wengi wetu hatuna mshahara, hayo si makuta kidogo. Kuna aliyeleta dola 5, kuna aliyeleta falanga za Kongo zilizokunjwa kunjwa toka sokoni. Makuta ni ya kununua kamera, hapo tumeshapatana. Lakini kamera gani? Tangu wiki tatu tunagombana. Wengine wanataka kitu kipya, ndani ya karto, yenye video ya 4K. Wengine wanasema tungojee mpaka tufike dola 1500. Na kuna wale wanaosema simu inatosha, tugawe makuta kwa usafiri.

Mimi maoni yangu ni haya: tununue bodi ya fulu fremu ya zamani, ya mitumba, na chaguo langu ni Canon 6D. Tusitoe zaidi ya dola 350 au 400 kwa bodi. Yote yanayobaki yaende kwa objektifu, batri na kadi. Nitaeleza, na anayepinga ajibu kwa hesabu, si kwa kelele.

Kwanza, juu ya nini fulu fremu? Ndani ya kila kamera ya dijitali kuna sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga. Kwenye fulu fremu kibamba hicho kina milimita 36 kwa 24, sawa na kipande kimoja cha filamu ile ya zamani ambayo baba zetu walipeleka studio kuoshwa. Kwenye kamera ndogo za kawaida za Nikon au Sony ni kama 23,5 kwa 15,6. Ukizidisha, utaona ile kubwa inapita ndogo zaidi ya mara mbili. Ya simu ni ndogo kabisa, kama kucha ya kidole kidogo.

Mchana hiyo tofauti haina maana sana. Jua la Kolwezi saa sita, hata simu ya dola 100 inatoa foto safi, na anayetaka kamera kubwa juu ya foto za mchana tu anataka sifa. Lakini sisi mambo yetu mengi ni ya usiku. Mikutano yetu inaanza watu wakishatoka kutafuta maisha. Delestaji tunaijua: bwawa la Nzilo liko hapa hapa karibu, limejengwa miaka ya 1950, lakini waya zinapita juu ya vichwa vyetu zikielekea machimboni na sisi chini tunawasha mishumaa. Wachimbaji wa mkono, makrezeri, wanashuka shimoni na taa ya kichwa, mchana na usiku. Mama akikuonyesha ufa kwenye ukuta wa nyumba yake, ufa uko ndani, chumba kina dirisha moja. Piga na simu uone: uso unakuwa matope. Halafu mtu wa kampuni anaangalia anasema, hiyo ni foto ya wapi, mbona haionekani kitu?

Sasa sikilizeni vizuri, juu hapa ndipo watu wengi wanapoteza makuta. Sensa kubwa inakupa mwanga mara mbili na kidogo. Objektifu inaweza kukupa mwanga mara tisa. Ile zumu inayouzwa pamoja na kamera mpya, ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5,6 tu. Objektifu ya milimita 50 yenye f/1,8, ile ndogo nyepesi ya plastiki, inaingiza mwanga kama mara tisa na nusu zaidi. Ni hesabu ya mraba, 5,6 gawa kwa 1,8 kisha uzidishe kwa yenyewe, hata mtoto wa sekondari anaifanya. Canon ilitoa ya kwake ya STM mwaka 2015, na ya mitumba inapatikana kwa dola 80 hivi. Kwa hiyo mtu aliyetoa dola 1300 kwa bodi akabaki na zumu ya giza, usiku atapitwa na mtu wa 6D na ile 50 ya plastiki. Atapitwa mbali.

Kuna atakayeuliza: basi si tuchukue kamera ndogo na hiyo 50 yake, tuokoe makuta zaidi? Swali zuri. Jibu ni vyumba vyetu. Kwenye kamera ndogo, milimita 50 inaona kama 75 au 80, ni kama umepiga hatua mbele bila kutaka. Ndani ya chumba cha metre tatu kwa tatu utapata pua na jicho moja. Kwenye fulu fremu, 50 ni 50: unapata mama, mtoto, na ule ufa nyuma yao. Na bei sasa imeshuka sana. Wenye makuta wamehamia kamera zisizo na kioo cha ndani, wameacha zile za zamani zikijaa kwenye maduka ya mitumba ya Ulaya. 6D iliyotoka mwisho wa 2012 kwa bei ya dola 2000 na zaidi, leo utaiona kati ya 300 na 450.

Hiyo 6D iko na megapikseli 20. Zinatosha kutoa bango la kubandika ukutani. Ndani yake kuna Wi-Fi, unatoa foto inaenda kwa simu, dakika moja iko kwa watu. Batri yake inapiga kama foto elfu moja kabla ya kuisha. Linganisheni na Sony A7 ya kwanza ya 2013, ambayo vijana wengi wanaitamani juu ni ndogo na inaonekana ya kisasa: foto 340 hivi, batri imekufa. Kwa mtu wa mji wenye umeme, hiyo si shida. Kwa sisi tunaochaji kwa jirani mwenye jenereta tukilipa falanga kwa kila kichwa, ni shida kubwa. A7 III ya 2018 imerekebisha hilo vizuri kabisa, lakini hata ya mitumba inameza sanduku lote na bado hujagusa objektifu.

Nikon D750 ya 2014, nasema wazi, inapita 6D. Megapikseli 24, skrini inayoinuka, na zaidi ya yote nafasi mbili za kadi: kila foto inaandikwa mara mbili. Unaweza kumpa mtu kadi moja aondoke nayo. 6D haina hiyo, na inaniuma. Tukikuta D750 nzima chini ya dola 450 nitakuwa wa kwanza kuinua mkono. Lakini nyingi nilizoziona zinapita 500, na Nikon yenyewe iliwahi kuita sehemu ya hizo D750 zirudi juu ya pazia la ndani lenye kasoro, kwa hiyo lazima uangalie namba ya mashini kabla ya kulipa. Ndugu yake D600 msiiguse hata kwa bei ya sadaka: ilijulikana kwa kurusha matone ya mafuta na vumbi juu ya sensa, na mwaka 2014 Nikon ilikubali kuitengeneza bure. Sasa ni nani atakuletea hapa ile ambayo haijatengenezwa?

Na video ya 4K? Wandugu, tuseme ukweli. Nani kati yetu ana mega za kupandisha 4K? Tunapunguza hata video za simu kabla ya kuzituma. 6D inatoa 1080, basi.

Kuna mtego mwingine. Yule yaya wetu ametuahidi objektifu zake za Canon za zamani, na tunamshukuru sana. Lakini zikiwa zimeandikwa EF-S, hazitaingia kwenye 6D. Zikiwa EF tu, hata ya 1987, zinaingia na zinafanya kazi. Tuangalie maandishi kabla ya kupiga vigelegele.

Wanaosema simu inatosha, nawaheshimu, juu hoja yao si makuta tu, ni usalama. Kamera kubwa inakutambulisha. Mlinzi wa machimbo akiona simu anadhani unatafuta rezo, akiona kamera anakuja. Hapa mjini kamera inaweza kuchukuliwa na mtu yeyote mwenye silaha na hasira, na hutaona karatasi ya kukuonyesha imeenda wapi. Ni kweli. Na kwangu hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kutonunua kitu cha dola 1500. Kamera ya bei hiyo itafungiwa kabatini. Kila mtu ataogopa kuibeba, itatoka siku za sherehe tu. Ya dola 350 ikipotea tutalia, tutachanga tena, tutaendelea. Simu zibaki kwa mahali pa moto. Kamera iende kwa nyumba za watu, mikutano, makaburi, barabara, mahali ambapo watu wenyewe wametukaribisha.

Na tuzime GPS. 6D iko nayo ndani, inaandika kwenye kila foto mahali ulipokuwa. Kwa ushahidi inasaidia. Kwa mama aliyekubali kusema bila jina lake, inaweza kumtoa nyumbani kwake. Tena GPS hiyo inaendelea kula batri hata ukishazima kamera. Iwashwe tu pale mwenye foto amekubali. Saa ya kamera, kinyume chake, iwe sawa kila siku.

Mnauliza hii yote ya nini. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, udongo uliwaangukia wachimbaji kwenye shimo la KOV. Siku zile kampuni ilisema 19, gavana akasema 36, baadaye hesabu ikafika 43. Sidai kwamba foto ingewarudisha, wala kwamba ingemaliza ubishi. Nasema tu kwamba watu wetu walihesabiwa na wengine, kama vile walivyopigwa foto na wengine tangu Union Minière ianze mwaka 1906: foto za kampuni, mtu amesimama kando ya mashini kuonyesha ukubwa wa mashini. Siku hizi zinakuja foto za waandishi na mashirika, na zingine zimetusaidia sana, lakini wanakaa siku nne wanarudi. Sammy Baloji wa Lubumbashi alishatuonyesha njia nyingine, katikati ya miaka ya 2000, alipochukua wale wafanyakazi wa foto za ukoloni akawasimamisha ndani ya magofu ya Gécamines aliyoyapiga mwenyewe. Huyo ni mtoto wa hapa Katanga. Hakungoja ruhusa ya Paris.

Hata batri ya kamera ina habari yetu. Batri nyingi za lithiamu za namna hii zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka inchi hii. Tutainunua yetu wenyewe, imezunguka, imerudi na bei.

Hesabu yangu basi: bodi 350, objektifu ya 50 kwa 80, batri mbili za ziada 40, kadi mbili 30, duane na njia 80. Jumla 580. Zinabaki 60, na mimi nasema 60 hizo zisiguswe, ni za kusafisha na kutengeneza, juu vumbi jekundu la kiangazi halisamehi. Asibadilishe mtu objektifu barabarani roli zikipita.

Arusi? Ndiyo, nakubali. Nina lisansi ya chuo kikuu na mwaka wa pili sasa nabeba dosie mlango kwa mlango. Muda wa kulinganisha kamera ninao, kama mnavyoona. Tuko wengi namna hii. Kamera ikitoka Jumamosi kwa arusi, nusu ya malipo iende kwa aliyepiga, nusu irudi sandukuni, na iandikwe kwenye daftari. Lakini wiki yenye mambo, arusi ingojee.

Anayeleta kamera toka Lubumbashi au kwa ndugu wa Ulaya, afanye haya kabla ya kutoa makuta. Apige mbingu tupu kwa f/16 na aikuze foto: madoa meusi ni vumbi juu ya sensa, vumbi linasafishwa, mikwaruzo hapana. Aulize imepiga mara ngapi. Pazia la 6D limepimwa kwa foto 100.000, D750 kwa 150.000, iliyokaribia hapo ishuke bei au ibaki kwa mwenyewe. Afungue mlango wa batri na wa kadi, aone kama vyuma vya ndani vimepinda. Aijaribu gizani, si mbele ya duka kwenye jua. Na atutumie namba ya mashini kwa simu kwanza, tuiangalie sote, halafu ndipo mwenye sanduku atoe makuta.