Kitunguu marufuku, tenisi ruksa

Nchini Marekani kuna sheria ya mwaka 1958 inayopiga marufuku mikataba ya bei za baadaye za vitunguu. Lakini katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2025 watu walikuwa wakinunua kwa simu mikataba juu ya nani atashinda mechi ya tenisi ya wanawake, katika soko lililo chini ya tume ile ile inayosimamia mikataba ya mahindi na ngano. Kioja hiki kina somo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa hapa kwetu.

Masoko hayo huitwa masoko ya utabiri. Tuseme mkataba wa mchezaji fulani unauzwa senti 60. Akishinda, mwenye mkataba analipwa dola 1. Akishindwa, hapati kitu. Anayemwamini mpinzani wake hutoa senti 40 zilizobaki. Kwa hiyo dola moja inayolipwa ndiyo ile ile iliyotolewa na wawili hao, na soko nalo lina ada yake. Ukiwajumlisha wachezaji wote wa mchezo huu, wanaondoka na fedha pungufu ya walizokuja nazo.

Wapo wanaosema bei za masoko haya ni taarifa nzuri, kwa kuwa zinakusanya mawazo ya watu wengi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Hata hivyo, tenisi haina huruma na watabiri. Juni 7, 2025, katika fainali ya michuano ya wazi ya Ufaransa jijini Paris, Aryna Sabalenka aliyekuwa namba moja duniani alichukua seti ya kwanza dhidi ya Coco Gauff. Aliyeweka dau kwake wakati huo alijiona yuko salama. Gauff akachukua seti mbili zilizofuata, 6-2 na 6-4, na kombe likawa lake.

Ikumbukwe kuwa masoko ya mikataba hayakuanzishwa kwa ajili ya michezo. Soko la Chicago lilianzishwa na wafanyabiashara wa nafaka mwaka 1848. Mkulima mwenye mahindi shambani alikuwa tayari ana hatari ya bei kuporomoka kabla ya mavuno. Msagishaji naye alikuwa na hatari ya bei kupanda. Kwa kukubaliana bei mapema, kila mmoja alipunguza mzigo aliokuwa nao tangu mwanzo. Ndiyo maana hata tume inayosimamia masoko hayo, iliyoundwa mwaka 1974, ilirithi kazi iliyokuwa ikifanywa chini ya Wizara ya Kilimo.

Vitunguu viliharibiwa na walanguzi. Mwaka 1955 wafanyabiashara wawili walikusanya karibu vitunguu vyote vilivyokuwa Chicago. Baadaye waliweka fedha zao upande wa bei kushuka, kisha wakavimwaga sokoni. Mfuko wa kilo 23 hivi, uliouzwa dola 2.75 mwezi Agosti 1955, ulifika senti 10 Machi 1956. Wakulima walilia hadi bungeni, na marufuku ikapitishwa.

Sasa tujiulize: mkataba wa mechi ya tenisi unapunguza hatari ya nani? Aliyekaa nyumbani hakuwa na hasara yoyote ya kuogopa kabla ya kununua mkataba. Ameitafuta hasara kwa fedha zake mwenyewe. Hapo ndipo bima inapoachana na kamari, hata kama zote mbili zinaitwa mkataba. Majimbo ya Nevada na New Jersey yalisema hivyo mwaka 2025, kwamba hii ni kamari inayotakiwa kufuata sheria zao. Kampuni ya Kalshi ikaenda mahakamani kudai kuwa ni mikataba ya fedha iliyo chini ya sheria za taifa.

Aidha, kuna wanaoumia bila kuweka hata senti. Taarifa iliyotolewa Juni 2025 na chama cha tenisi ya wanawake pamoja na shirikisho la kimataifa la tenisi ilionyesha kuwa mwaka 2024 wachezaji 458 walitumiwa matusi na vitisho mtandaoni, na asilimia 40 ya matusi hayo ilitoka kwa wacheza kamari wenye hasira. Binti anapoteza mechi uwanjani, kisha anatukanwa na mtu asiyemjua aliyepoteza dau.

Hapa kwetu jina laweza kuwa tofauti, lakini simu ni ile ile na mtaji ni ule ule. Fedha za mbolea zikiingia kwenye ubashiri mwezi Novemba, mvua haitasubiri zirudi. Na zile za duka zikipotea, muuzaji wa jumla hatakuuliza nani alishinda Paris.

Mkulima ana hatari za kutosha bila kuongeza nyingine. Mvua ni kamari, wadudu ni kamari, bei ya mavuno ni kamari. Anachohitaji ni vyombo vya kumpunguzia mzigo huo: mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kupanda, bima ya mazao, na mfumo wa stakabadhi ghalani uliowekewa sheria Tanzania mwaka 2005, ambao ukisimamiwa vizuri unampa nafasi ya kutouza siku ya mavuno bei inapokuwa chini. Viongozi wa ushirika na mabenki wanapaswa kuvipigania vyombo hivi kwa bidii ile ile ambayo makampuni ya ubashiri hutumia kuwafikia vijana.

Kwa hiyo, yeyote atakayekuletea mkataba, uwe wa ufuta au wa tenisi, muulize swali moja kabla ya kutoa fedha: unaniondolea hasara gani niliyokuwa nayo tayari? Akikosa jibu, mfuko wako na ubaki umefungwa.