PIKIPIKI YA USHIRIKA HAIJAFA, NI TUNDU LA OILI



Tumekaa kimya wiki mbili tukisikiliza maneno ya kilabuni na ya kisimani. Sasa basi. Eti pikipiki ya chama imekufa. Eti injini imekwisha. Eti yupo bwana mmoja wa mjini tayari kuichukua kwa bei ya chuma chakavu, na tumshukuru kwa huruma yake. Sisi tunaoandika ubao huu tunasema wazi: huo ni mrija, na anayeyabeba maneno hayo bila kuuliza anamshikia kupe mrija ili anyonye vizuri.

Ukweli ni huu. Pikipiki inawaka. Gia zote zinaingia. Haitoi moshi. Kilichoharibika ni tundu moja chini ya injini, lile la kumwagia oili chafu, ambalo hata kidole gumba hakiingii. Nyuzi zake zimelika, boliti inazunguka bure, oili inadondoka. Basi, ni hilo tu! Kwa tundu hilo tuuze mali iliyonunuliwa kwa makato ya kila gunia la alizeti tulilopima? Mtu akivunjikiwa komeo anauza nyumba?

Tueleze lilivyoharibika, maana wengi wanalaumu dereva, na dereva hana kosa. Gamba la injini ni alumini, laini. Boliti ni chuma kigumu. Vikishindana, alumini ndiyo inayokubali kushindwa. Boliti ya injini hii ni ya milimita 12, na haihitaji nguvu ya ng'ombe. Chukua spana yenye mkono wa sentimita 20, ivute kwa nguvu ile unayotumia kuinua ndoo ya lita 20 iliyojaa kupita nusu kidogo. Inatosha, acha hapo. Lakini mafundi wetu wa chini ya mti wana ugonjwa wa kuchomeka bomba kwenye spana ili wapate nguvu. Bomba la sentimita 60 linazidisha nguvu ile mara tatu. Fundi anajisifu, "Nimekaza, haivuji tena!" Kweli haivuji siku ile. Nyuzi zimeshavutika, na safari ya pili ya kubadilisha oili zinatoka zote pamoja na boliti, zimejiviringisha kama maganda ya muwa. Hatumtaji mtu. Aliyekaza kwa bomba anajijua, na wanaofanya hivyo mpaka leo tunawaona.

Na ile washa? Pale kati ya boliti na injini panakaa washa laini ya shaba au alumini. Kazi yake ni kubonyea na kuziba. Ikishabonyea mara moja haizibi tena vizuri, lazima iwekwe mpya. Sisi tunairudisha ileile mara tano, inavuja, kisha tunakaza zaidi ili isivuje. Ndiyo hivyo tundu linakufa. Kwa uchoyo wa washa! Kitu cha bei ya vitumbua viwili.

Lipo kundi la pili, wale wa sabuni. Hawa hawataki kuuza, wanataka kuziba. Mmoja kasema sabuni ya mche, mwingine mpira wa tyubu uviringishwe kwenye boliti, mwingine gundi. Tunawaheshimu kwa kuipenda mali ya chama, lakini tunawapinga. Sabuni huziba tangi la petroli kwa muda kwa sababu tangi ni baridi. Injini ina joto, oili ndani inachemka, sabuni inalainika na kutoka. Gundi nayo ikishika, utamwagaje oili mwezi ujao? Utavunja. Na injini hii inabeba oili karibu lita moja tu. Sasa fikirini kiraka kidondoke njiani usiku, dereva kambeba mama mjamzito kumpeleka zahanati. Taa haimwonyeshi kwamba oili inamwagika mchangani nyuma yake. Atajua pistoni itakapokwama. Hapo ndipo bwana wa chuma chakavu atakuwa amesema kweli, na tutakuwa tumemsaidia kuisema.

Injini yenyewe ni ya ukoo wa Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1976 na baadaye kuigwa na Wachina kwa wingi. Wajapani waliiunda wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu, wanaopakia kupita kiasi na kuchelewesha matengenezo. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fito, haina mnyororo wa kukatika kule ndani. Injini ya namna hiyo haifi kwa sababu ya tundu. Inakufa kwa kukosa oili.

Sasa dawa. Tundu linapanuliwa kwa kekee, wima kabisa, bila kupinda. Linakatwa nyuzi mpya kubwa zaidi. Kisha inakazwa humo bushi ya chuma: nje ina nyuzi za kushika alumini, ndani ina nyuzi za boliti yetu ileile ya milimita 12. Inapakwa gundi ya nyuzi inayovumilia oili na joto, inakaa humo moja kwa moja. Bushi isitokeze nje hata unywele, la sivyo washa haitakaa sawa na tutarudi kulekule. Kuanzia hapo ni chuma kwa chuma, na nyuzi zitakuwa imara kuliko zile ilizotoka nazo kiwandani. Bushi inakerezwa Singida mjini, mtambo wa kukereza upo na vijana wa kuuendesha wapo. Tumeulizia: bushi na kazi yake, jumla, havifiki bei ya gunia moja la alizeti. Gunia moja, ndugu zangu, na watu wanataka kuuza pikipiki nzima.

Kuna hatari moja, nayo tuiseme maana wapinzani wataisema. Unapokata, vinyweleo vya alumini vinaweza kuingia ndani ya injini. Tena sumaku haivikamati, alumini haishikwi na sumaku. Kwa hiyo fundi apake grisi nyingi kwenye chombo cha kukatia ili vinyweleo vinate humo, akate nusu mzunguko, arudishe nyuma, afute, apake tena, aendelee. Akimaliza amimine oili rahisi kutoka juu, itoke chini kupitia tundu, mpaka itoke safi. Ndipo tuweke oili nzuri, injini iungurume dakika chache tukichungulia kama panavuja, na oili hiyo ya kwanza tuibadilishe mapema. Fundi anayesema mambo haya ni kupoteza muda tusimpe kazi. Na kama gamba lenyewe lina ufa, hapo bushi haisaidii, linataka kuchomelewa kwa gesi ya agoni na mtu anayejua alumini. Mchomeleaji wa mageti asiliguse, ataliyeyusha kama samli. Letu tumelisafisha na kulipapasa kila upande: ufa hakuna.

Wazee wetu wanakumbuka hali ilivyokuwa baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zilipokauka. Malori na matrekta yalilala nchi nzima kwa kukosa vipuri, na mengine yalikosa vitu vidogo tu. Wakati ule ungeshika fedha mkononi na kipuri usikione. Watu walichonga, walikereza, waliunga. Shirika la SIDO lilikwisha kuundwa mwaka 1973 ili viwanda vidogo vikue hapahapa nchini, watu waache kungoja kila kitu kitoke ng'ambo. Leo bushi ipo, fundi yupo, barabara ya kwenda mjini inapitika. Halafu mtu mzima anasimama kifua mbele anatuambia tuuze! Wale wa miaka ile wangetucheka.

Tena angalieni wakati wenyewe. Alizeti imeanza kuinamisha vichwa. Muda si mrefu walanguzi watapita vitongojini na vipimo vyao vya kujaza lumbesa. Katibu wetu na mizani ya chama wanafikaje kwa mkulima kabla yao? Kwa miguu? Msimu ambao mizani ya chama imechelewa, mlanguzi ndiye anayepanga bei, na hilo halihitaji mtaalamu wa kulieleza. Anayetaka pikipiki iuzwe mwezi huu aulizwe kwanza alizeti yake anamwuzia nani.

Tunachodai ni hiki. Kamati itoe fedha ya bushi wiki hii, isingoje kikao kingine. Kazi ifanyike mjini mbele ya mjumbe wa kamati, asiwe mjumbe wa kukaa hotelini na kurudi na risiti. Ofisini iwepo spana moja ya kufungulia boliti hiyo, fupi, na bomba lipigwe marufuku. Ziwepo washa mpya kumi kwenye bahasha. Boliti ianzishwe kwa vidole mpaka iingie yenyewe, kwanza ifutwe mchanga, ndipo spana iguse. Kila oili inapobadilishwa, aliyeibadilisha aandike jina na tarehe kwenye daftari. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Dereva aliyesimamishwa arudishwe kazini, na zile siku alizokaa nyumbani alipwe.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi, hapo ghalani. Pikipiki itakuwepo imelazwa ubavu, ili kila mwanachama achungulie tundu kwa jicho lake kabla ya kunyosha mkono.