Kutoka Munuki hadi Milima ya Ruwenzori: Safari ya Dereva Aliye Peke Yake

Mkazi wa Munuki anayeng'oa viti vya nyuma vya basi lake dogo, akatandika godoro, akafunga dumu la maji na jiko dogo la gesi, amekwisha kujipatia nyumba yenye magurudumu. Kwa nyumba hiyo aweza kuvuka mto Naili alfajiri kwa Daraja la Uhuru, lililofunguliwa mwaka 2022, na siku ya tatu au ya nne akalala chini ya milima yenye barafu karibu na mstari wa Ikweta, nchini Uganda. Safari hiyo yawezekana. Lakini anayeifunga peke yake hana budi kujua kwamba sehemu yake ngumu haiko mlimani. Iko katika kilomita 192 za kwanza, baina ya Juba na Nimule.

Barabara hiyo ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012, na malori yanayoilisha Juba hupita hapo mchana kutwa. Sudan ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, na Sudan Kusini imeendelea hivyo. Hali magari mengi ya Juba yameingia kwa njia ya Uganda, na usukani wake uko kulia. Dereva wa gari kama hilo hukaa upande wa majani. Atakapo kulipita lori, haoni kinachokuja mbele mpaka nusu ya gari lake imekwisha kutoka. Kwa desturi utingo ndiye humchungulia. Aliye peke yake hana utingo. Basi na akae nyuma ya lori, hata ikiwa ni saa nzima, mpaka afike mahali palipo wazi na panapoonekana mbali. Milima haihami.

Tena njia hiyo imemwaga damu. Agosti 2021 basi lililokuwa likirejea Juba kutoka Loa lilishambuliwa, na masista wawili wa Kikatoliki wakawa miongoni mwa waliouawa. Msafiri aulize hali ya njia kwa polisi siku ile ile ya kuondoka, asafiri mchana tu, wala asisimame porini peke yake kuchemsha chai, hata mandhari yakimvutia namna gani.

Baada ya Nimule, upande wa Elegu, magari hupita kushoto. Hatari ya mgeuko huo haiji pale mpakani, ambapo kila mtu yu macho. Huja kesho yake alfajiri, dereva anapotoka katika kituo cha mafuta huku barabara ikiwa tupu, mkono ukafuata mazoea ya Juba. Kipande cha karatasi chenye neno KUSHOTO, kikibandikwa kwenye usukani, hufanya kazi ya utingo asiyekuwapo.

Pasipoti, kadi ya gari, kibali cha forodha, bima ya Uganda na cheti cha chanjo ya homa ya manjano viwekwe katika mfuko mmoja. Askari aongeze karatasi ya likizo, na aache nyumbani silaha, sare na hata lile koti la mabaka apendalo kuvaa wakati wa baridi. Sheria ya Uganda hairuhusu raia kuvaa mavazi ya namna hiyo.

Kutoka Gulu njia huvuka Naili tena hapo Karuma, ikaelekea magharibi kwa Masindi, Hoima na Fort Portal hadi Kasese. Hifadhi ya Ruwenzori iliundwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Kilele chake, Margherita, kina meta 5,109. Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alikifikia mwaka 1906, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya barafu ya milima hiyo imekwisha yeyuka. Hapa upweke wa msafiri hukoma, kwani hairuhusiwi kupanda bila kiongozi. Gari hubaki chini. Akiliacha Kilembe, asiliegeshe kando ya mto Nyamwamba, ambao ulifurika na kuleta maafa mwaka 2013 na tena mwaka 2020.

Usiku wa huko ni wa baridi kali kwa mtu aliyezoea joto la Juba, na ndipo huja kishawishi cha kuingiza jiko la makaa ndani ya gari na kufunga madirisha. Hilo ni kosa la kufisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki, na akiwa peke yake hakuna wa kumburuta nje. Jiko la gesi nalo huweza kuleta sumu hiyo hiyo; lipikie tu, mlango ukiwa wazi. Joto litafutwe katika blanketi mbili, soksi za sufu na chupa ya maji ya moto miguuni.

Mke au ndugu aliyebaki Munuki apewe nakala ya ratiba: mahali pa kulala kila usiku, namba ya gari, na namba ya simu ya ofisi ya viongozi wa mlima. Huko juu simu aghalabu hazishiki. Siku hizo za ukimya ziandikwe kwenye ratiba tangu mwanzo, pamoja na siku ambayo ukimya ukizidi, simu ya kwanza ipigwe.