Nani Aliyeizunguka Nyanza?

Wako wasomi wanaoshikilia kwamba safari ni mali ya yule aliyeiamuru, na kwamba baharia ni mkono wa kukodiwa, ambao kazi ikiisha hulipwa ujira wake na kusahauliwa. Rai hii imekaa katika masomo ya historia muda mrefu hata imekuwa kama sheria. Mwanafunzi wa Mwanza akiulizwa ni nani aliyelizunguka Ziwa Victoria kwa mashua mwaka 1875, hujibu upesi: Henry Morton Stanley. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Na nusu ya kweli ikifundishwa kwa vizazi hudhuru kuliko uongo mzima, kwa kuwa uongo huzua shaka, lakini nusu ya kweli huleta usingizi.

Tarehe 8 Machi 1875, mashua iliyoitwa Lady Alice iling'oa nanga Kageye, kwenye Ghuba ya Speke, mahali palipo leo katika Wilaya ya Magu. Urefu wake ulikuwa futi 40, nayo ilikuwa imechukuliwa vipande vipande kutoka pwani juu ya mabega ya wapagazi. Hapo kwanza, watu walipoulizwa ni nani ajitoleaye kwenda, palikuwa kimya. Basi wakachaguliwa mabaharia, watu wa Unguja na pwani, kumi wa makasia na mmoja wa usukani. Mshika usukani aliitwa Wadi Safeni, na rubani aliitwa Saramba. Mzungu alikuwa mmoja tu. Kwa muda wa karibu miezi miwili watu hao walivuta makasia, walitweka tanga na kukesha katika mawimbi, wakapita pwani ya mashariki hata Buganda kwa Kabaka Mutesa, kisha wakarudi kwa upande wa magharibi.

Katika kisiwa cha Bumbire wenyeji waliwanyang'anya makasia yote. Mashua isiyo na makasia ni jeneza. Mabaharia wakaisukuma majini, wakabandua mbao za sakafu yake, wakazifanya kafi, wakapiga maji kwazo mpaka wakaokoka. Je, huo ulikuwa ni mkono wa kukodiwa tu, au ulikuwa ni ustadi na akili ya mtu aijuaye kazi yake?

Watetezi wa rai ya zamani watajibu kwamba mabaharia hao walikuwa watu wa mshahara. Hoja hii haina miguu. Mwaka 1973 mashindano ya mashua za tanga ya kuizunguka dunia yalianza Portsmouth, Uingereza, na leo yanajulikana kwa jina la The Ocean Race. Wengi wa wanaoshindana humo sasa ni mabaharia wa kazi: mmoja hushika usukani, mwingine huangalia tanga, mwingine hukaa omoni, na wote hula jasho lao. Hata hivyo kila mmoja huandikwa kwa jina lake, husifiwa kwa ushindi na huliliwa akipotea baharini. Hapana asemaye kwamba mwenye fedha za mashua ndiye aliyeivuka bahari. Mshahara usiomvunjia heshima baharia wa Ulaya unamvunjiaje heshima baharia wa Unguja?

Mfano ulio mzito zaidi ni huu. Katika mashindano ya mwaka 1968 hata 1969, watu tisa walitoka kuizunguka dunia, kila mtu peke yake na bila kutua. Alimaliza mmoja tu, Robin Knox-Johnston, kwa siku 312. Mwenzake, Donald Crowhurst, alitangaza habari za uongo juu ya mahali alipo, akili yake ikavurugika, na mwezi wa Julai 1969 mashua yake ilikutwa baharini pasipo mtu. Juu ya kichwa hicho kimoja kilichoelemewa na upweke vimeandikwa vitabu na kutengenezwa filamu.

Wadi Safeni naye, baada ya kulizunguka ziwa na kuushuka Mto Kongo, alipandwa na wazimu mwaka 1877, mwisho wa safari ukiwa karibu. Aliingia msituni, wala hakuonekana tena. Baharia huyu aliyechukua usukani kutoka Kageye alistahili walau utenzi mmoja. Amepata mistari michache katika kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1878.

Na hapa lawama haina budi kugeuka. Stanley, pamoja na makosa yake yote, aliwataja Safeni na Saramba. Waliowaacha ni wasomaji wa baadaye, na miongoni mwao ni wasomi wa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na kazi yake husomwa hata leo. Mfanyabiashara amepata kitabu; baharia na mpagazi hawakupata.

Haisemwi kwamba mabaharia hao walikuwa malaika. Mwezi wa Agosti 1875 chombo kilekile kilirudi Bumbire pamoja na mitumbwi ya vita, na watu wa kisiwa wakauawa kwa risasi. Wafu hao nao hawana majina katika vitabu. Lakini dhambi kama hiyo haipimwi kwa haki mpaka waliokuwamo chomboni wajulikane kuwa ni watu wenye nia, hofu na hiari. Mkono usio na mtu hauwezi kusifiwa wala kuhukumiwa.

Kazi hii haihitaji safari ya mbali. Mwaloni Kirumba, mjini Mwanza, mitumbwi ingali ikileta samaki na dagaa kila kukicha, na injini inazidi kuchukua mahali pa tanga. Mwanafunzi anayekaa mwendo mfupi kutoka hapo aweza kushuka na daftari, akauliza majina ya pepo, majina ya sehemu za chombo, na majina ya waliozama. Asipokwenda, baada ya miaka mia ataulizwa mwingine ni nani aliyelivuka ziwa hili, naye atajibu kwa jina la mwenye injini.